Nilimsomea tapeli code, marehemu akakosa kurudi kwao

Wakuu, heshima zenu. Sijaja kutafuta huruma na sitatia chumvi. Nikidanganya humu, aibu yangu itakuwa mara mbili.

Mimi ni Mkenya, mwaka wa nane Kampala, nauza simu Kabalagala. Kanisani kwetu tunasali na Wakongo. Majuzi tulimpoteza Baba Furaha, Mkongo aliyeuza samaki Ggaba. Mkewe aliomba jambo moja tu, mumewe akalale kwao, Uvira, huko Kongo.

Tukachanga. Mweka hazina nikawa mimi, eti kwa kuwa najua mambo ya simu.

Tukatengeneza lile tangazo letu la msiba, mnalijua. Picha ya marehemu, jina langu, namba yangu, benki na account. Likazunguka kila group la WhatsApp.

Kumbe tulikuwa tunamwandikia mwizi kila alichohitaji.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ndiyo safari, simu ikaita.

"Pole sana na msiba, ndugu. Hapa ni benki. Pesa zimeingia kutoka kwa watu wengi, system imefunga account. Nikufungulie sasa ama ungoje Jumatatu?"

Wakuu, benki hunipigia kwa Kiingereza au Luganda. Huyu aliongea Kiswahili cha nyumbani kabisa. Baada ya miaka yote hii ugenini, moyo ukalainika. Halafu nikawaza maiti ikae mochwari hadi Jumatatu!

Ikaingia meseji yenye code. Nikamsomea. Na mjinga mimi nikamsomea yote, hadi pale mwisho panaposema usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki.

Akacheka kidogo. "Hiyo huandikwa tu, ndugu yangu."

Dakika tatu baadaye account ilikuwa tupu.

Nikakimbia benki, Nakasero. Dada wa customer care alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Sir, code umetoa wewe mwenyewe." Nilimfokea mbele ya watu. Leo nakiri hakuwa na kosa. Ingawa bado najiuliza, pesa zote zinatokaje kwa dakika tatu bila app ya benki kushtuka?

Polisi waliandika maelezo. Mpaka leo kimya.

Baba Furaha tulimzika hapa hapa. Mama Furaha hakunitukana. Aliniambia tu pale kaburini:

"Baba Neema, mie sina kasirani na weye. Lakini watoto wakikomaa, ni weye utawaambia juu ya nini papa yao hakurudi kwetu."

Nililia kama mtoto.

Ndugu zangu, code ni yako peke yako. Anayekupigia hata akiongea lugha ya mama yako, kata, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Na hayo matangazo ya msiba, acheni kuyajaza namba za account.

Nilaumuni, nastahili. Ila Furaha, mtoto wa marehemu, ana miaka sita, na kila Jumapili hunikimbilia kunisalimia. Bado hajauliza.

Mwenye kujua nitamjibu nini, aandike hapa chini.