Mshono wa Chini ya Pikapu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi ndiye mpaka rangi. Geti likitoka mkononi mwake jeusi, limejaa moshi na vipele vya moto, linakuja kwangu. Nalisugua, nalipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha ya juu, na likianza kung'aa watu husimama barabarani na kusema, "Huyu fundi ana mkono!" Mimi niko pale pale na brashi, nanuka tina ya kuyeyushia rangi kuanzia nywele hadi kucha, na sifa zote zinapita juu ya kichwa changu. Nimeshazoea.

Nisichozoea ni safari. Hatuna gari, kwa hiyo geti likiisha tunakodi. Dereva wa kukodi anapakia geti letu pamoja na saruji ya mtu mwingine na kabati la mtu wa tatu, na likifika kwa mteja limechubuka kana kwamba limepigana njiani. Basi napiga magoti mlangoni kwa watu, kopo la rangi pembeni, nafuta aibu ya dereva huku wenye nyumba wakiniruka kuingia ndani. Kazi ndogo ndogo mume wangu huzisukuma kwa mkokoteni, na bega lake la kulia limeshaanza kumgomea. Asubuhi akivaa shati, lazima nimsaidie mkono mmoja.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mzee mmoja aliyekuwa muuza mbao ameacha biashara na anauza pikapu yake, sikulala juu ya habari. Akiba yetu ilitosha, kwa kubana pumzi. Nikamwambia mume wangu, "Kesho tunaenda kuliona hilo gari." Akasema tutaliangalia tu. Nikasema sawa, tutaliangalia tu. Moyoni nilikuwa nimeshalipakia.

Lakini kabla sijafika kwenye pikapu lazima nimseme shemeji, maana bila yeye hadithi hii haisimami.

Shemeji yangu ni mdogo wake mume wangu, naye ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake inatazamana na yetu; kati yetu kuna barabara ambayo mtu mwenye afya anaivuka kabla hajamaliza kupiga chafya. Walijifunza kazi pamoja na wakafungua karakana moja. Baba yao alikuwa mshona nguo, na shemeji ndiye aliyekaa sana miguuni pa cherehani. Alichukua hapo tabia moja hata akaipeleka kwenye chuma: akifika mwisho wa mshono hauachi hivi hivi. Anarudi nyuma kidogo, kama ncha ya kidole, vile mshonaji anavyorudisha sindano ili uzi usifumuke. Mume wangu alimcheka kwa hilo tangu ujana. "Unamaliza vijiti vya kuchomelea bure," alikuwa akimwambia. "Hii si suruali." Akampachika jina la Cherehani, na mtaa mzima ukalipokea.

Kisha likaja lile geti kubwa walilolifanya pamoja. Halikumaliza hata mwaka. Bawaba ya juu ikakatika, geti likalala juu ya ukuta wa mteja. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, ila mteja alikuja moto na mafundi wakashikana mashati mbele yake. Kila mmoja akasema kiungo kile ni cha mwenzake. Mume wangu alisema mengi kuliko mdogo wake, na kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni ile shemeji akahamisha vifaa vyake akavuka barabara, na kwa miaka mitano hawakusemezana. Mteja yeyote aliyeulizia kule ng'ambo, mume wangu alimjibu, "Cherehani? Kazi yake haishiki." Mimi niliyekuwa nikisukana nywele na mke wa shemeji kila Jumapili, nikaanza kumpungia mkono kwa kujificha kama mwizi. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo ninapoandika. Pikapu niliitaka, sikatai. Lakini kama ningeulizwa nichague kitu kimoja kirudi uani kwetu, nisingechagua gari.

Haya, tukaenda kwa muuza mbao.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, ya kichwa kimoja, tumbo refu la kubebea mizigo. Viti vimechanika, taa moja ina ufa, lakini injini iliitika mara moja. Mzee alitufuata hatua kwa hatua.

"Halijawahi kugongwa hili," alisema. "Muulizeni yeyote."

Mume wangu hakumuuliza yeyote. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini na tochi kutazama chasi, ule uti wa mgongo unaobeba gari zima. Akaanzia upande wa kushoto. Nikaona miguu yake inajongea, kisha ikasimama. Ikakaa pale muda mrefu. Nikainama.

"Unaona nini?"

Nikazunguka upande wa kulia, nikachungulia na mimi. Huko chini chuma kilikuwa cheusi kizuri, na pua yangu haidanganyiki.

"Mbona huku pana rangi mpya?" nikauliza.

Alikuwa bado upande wa kushoto, anapitisha kidole gumba juu ya kitu, taratibu, huku na huku, kama mtu anayesoma maandishi gizani. Akatoka amekunja uso, akajikung'uta vumbi, akamwambia mzee, "Tutarudi."

Nyumbani alisukuma sahani. Mama mkwe, ambaye anaishi kwetu lakini mchana huvuka kula kwa mwanawe mwingine ili asionekane ana upande, akamtazama na kumuuliza kama gari ni bovu.

"Gari zuri," akasema. "Lakini chasi ilipasuka upande wa kushoto, ikatiwa kiraka cha bamba nene."

"Kiraka kibaya?" nikauliza.

"Sijawahi kuona kiraka kizuri kama kile. Mshono umenyooka, umekaa, kila mwisho umerudi nyuma kidogo."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Mimi nikaangalia pembeni, maana kicheko kilikuwa kinanijia na sikutaka kumuumbua. Mtu ametangaza miaka mitano kwamba kazi ya mdogo wake haishiki, sasa gari analolitaka linashikiliwa na kazi hiyo hiyo. Akilikataa, amekataa kitu kizima kwa kiburi. Akilinunua, kila tukipakia geti atakuwa ameukalia ulimi wake mwenyewe.

"Basi nunua," nikasema. "Umesema ni kizuri."

"Siwezi kununua bila kujua kilichofunikwa. Chini ya kiraka inaweza kuwa ufa mdogo, inaweza kuwa chasi ilikatika vipande viwili. Anayejua ni aliyekifunika."

Akamgeukia mama yake. "Mama, mchana ukienda huko, muulize..."

"Mimi si posta," mama mkwe akasema, akaendelea kula.

Akanigeukia mimi. Nikamwambia nina mageti mawili ya kupaka, na isitoshe nikiulizwa habari za chasi nitajibu nini, rangi yake? Nilisema kwa ukali kidogo. Nilijua nikivuka mimi, hatavuka yeye tena.

Alivuka kesho yake asubuhi. Nilikuwa uani napiga msasa. Nikaacha msasa nikamfuata kwa nyuma, sitadanganya. Alisimama ukingoni mwa barabara akapisha baiskeli, akapisha lori, akapisha mpaka mwanamke mwenye ndoo aliyekuwa bado yuko mbali. Kisha akapiga moyo konde.

Shemeji alikuwa anachomelea dirisha, ngao usoni. Mwali ule hautazamwi kwa macho matupu, kwa hiyo mume wangu alimpa mgongo na kusubiri. Mlio ukakatika. Shemeji akainua ngao, akakuta mgongo wa kaka yake uko mlangoni. Aliweka vifaa chini polepole sana.

"Karibu, kaka."

"Nimekuja kwa kazi," mume wangu akasema, bado hajageuka vizuri. "Ile pikapu ya muuza mbao. Kiraka cha kushoto. Chini yake kuna nini?"

"Ufa. Ulikula nusu ya chuma. Alikuwa anapakia mbao kama hana akili. Nilitoboa kitundu mwisho wa ufa usiendelee kutembea, nikaujaza, ndipo nikafunika."

"Basi gari liko salama."

"Kushoto, ndiyo. Kulia umepaonaje?"

Nikamwona mume wangu anavyokumbuka, masikio yakimwiva. Alilala chini ya gari lile muda wote ule na upande wa kulia hakuumulika hata mara moja. Alikuwa ameona mkono wa mdogo wake, akasahau kwamba gari lina pande mbili.

"Kulia kulikuwa na ufa mwingine unaanza," shemeji akasema. "Nilimwonyesha. Akasema atarudi akipata hela. Hakurudi."

"Nilikuuliza kuhusu ile rangi," nikamwambia mume wangu kutoka nyuma. Sikuweza kujizuia.

Shemeji akanitazama, kisha akamtazama kaka yake. Akavua glovu. "Ngoja nichukue brashi ya waya," akasema, na tukaondoka watatu.

Muuza mbao alipotuona na shemeji, uso ulimshuka. Ndugu hawa wawili hawakupoteza maneno. Walitandika magunia mawili wakaingia chini, na nje ikabaki miguu minne, viatu vyote vina matundu ya cheche. Nilikaa kwenye tairi, nikiwamulikia. Shemeji akasugua rangi ile mpya kwa brashi ya waya, na ufa ukajitokeza, umerefuka, unapanda juu.

"Hili na mzigo wa geti, ukishuka mteremko..." shemeji akasema, hakumalizia. Mimi ndiye ningekuwa nimekaa pembeni ya dereva.

Nilimgeukia mzee. "Ulisema halijaguswa!"

"Nilisema halijagongwa," akajibu bila kupepesa jicho. "Kupasuka hamkuniuliza."

Chini ya gari brashi ya waya ikasimama, nami nikadhani wanapima. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, ndogo, ile anayoitumia akiwa mgonjwa.

"Lile geti."

"Ndiyo, kaka."

"Bawaba ilikatikia mwishoni mwa mshono. Palipokuwa na kishimo."

Mshono wa moto ukiachwa hivi hivi hubakiza kishimo pale unapoishia, na ufa hupenda kuanzia hapo. Hata mimi, mpaka rangi, nakijua kishimo hicho. Kwenye kazi za mume wangu nakijaza rangi kila siku. Kwenye za shemeji sijawahi kukiona.

"Najua," shemeji akasema.

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

Kisha nikasikia brashi ya waya ikianza tena kusugua.

Gari tulilinunua, kwa bei ya gari lililovunjika. Safari hii mume wangu ndiye aliyezungumza na mzee, na shemeji alisimama kando yake amefunga mikono, hakusaidia kitu ila kuwepo. Likavutwa taratibu, tupu, hadi karakana ya shemeji, kwa sababu yeye ndiye mwenye jeki nzuri. Mama mkwe alitoa kiti akakiweka uani pale kwa mwanawe mdogo, akakaa kama aliyekuja kwenye harusi. Mke wa shemeji aliniletea maji, na hatukujificha.

Walitoboa kitundu mwisho wa ufa. Walikata bamba. Kisha shemeji akavua ngao yake akampa kaka yake.

"Weka wewe."

"Wewe ndiye unayelijua."

"Kushoto pana wangu. Huku weka wako."

Mume wangu akaingia chini. Tukageuza nyuso zetu, tukasikiliza mlio ule wa kukaanga unavyokwenda, unakatika, unakwenda tena. Alitoka analalamikia bega, akasema ameshamaliza, wa rangi aingie chuma kikipoa.

Kilipopoa nikaingia na kopo langu na brashi. Nilianza na kushoto, kiraka cha shemeji, nikakifuta vumbi. Kisha nikahamia kulia. Ulikuwa mshono wa mume wangu, ningeutambua popote: mpana, wenye haraka kidogo, umepinda kwa sababu ya bega. Nikaufuata kwa kidole hadi mwisho nikitafuta kishimo cha kujaza rangi, kama kawaida yangu.

Hakikuwepo. Pale mwisho mshono ulikuwa umegeuka na kurudi nyuma kidogo, kama ncha ya kidole. Nikatazama mwisho wa pili, na huko nako umerudi.

Nililia chini ya lile gari, machozi yakinishukia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali.

"Shemeji," sauti ya mdogo wake mume wangu ikaniita kutoka nje, "kuna tatizo huko?"

"Hakuna," nikasema. "Tina imeniingia machoni."

Nikachovya brashi, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, kushoto na kulia.