Gari Ambalo Mama Nerima Alikataa Kupanda

Saa tatu asubuhi, Soko la Burma. Wauza nyama wanakata mifupa juu ya magogo, na chini ya meza mojawapo amejificha mtu mzima mwenye ndevu. Jina lake ni Zedekiah, mkata nyama, na ameteleza kwenye mafuta akavunjika mguu.

Anayemtafuta si askari. Ni Stanslaus Wandera, dereva wa gari la wagonjwa la zahanati moja ya kanisa hapa Eastlands, Nairobi.

“Dere, mimi niko fiti,” Zedekiah anasema kutoka huko chini. “Ni mguu tu.”

“Mguu ndio nimekuja kuchukua, ndugu yangu. Wewe utausindikiza.”

Wateja wanaangua kicheko. Zedekiah hacheki, lakini anakubali kutoka, mradi aketi mbele kando ya dereva kama mtu aliyepewa lifti.

Hiyo ndiyo kazi ya Wandera. Kuendesha gari, asema, ni sehemu ndogo tu. Kubwa ni kubembeleza. Amewahi kumkuta bibi kizee aliyejifungia chooni asichukuliwe. Kule Mukuru kwa Reuben, mlinzi wa kiwanda aliyekuwa hoi kwa malaria alipata ghafla nguvu za kuruka ukuta.

Wanaogopa nini? Sindano? Kisu cha daktari?

“Wanaogopa majirani,” ajibu Wandera.

Na hawana makosa. Mitaa hii imejaa watu waliotoka magharibi mwa Kenya, na mtu wao akifia Nairobi, sharti arudishwe kwao akazikwe. Kwa hiyo anayelazwa ndani ya gari huonekana ameshaianza safari hiyo. Ambulensi ikisimama mlangoni tu, huyu anaazima mabenchi, yule anakoka moto uani, na wanakwaya wanaanza kutafuta sauti. Mgonjwa anayasikia yote hayo akiwa hai.

Zamani Wandera aliona mambo haya ni kichekesho. Kila jioni alimsimulia mama yake mzazi, Mama Nerima, ambaye alikuwa amekuja kutoka Busia kukaa naye Makongeni. “Tulicheka mpaka ugali ukapoa,” akumbuka.

Kicheko kilikatika Machi mwaka jana. Asubuhi hiyo Mama Nerima aliamka miguu imevimba, pumzi inakata, midomo imeingia weusi. Wandera akaenda mbio kulileta gari. Aliporudi, alimkuta mama yake ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

“Gari hilo nalijua, mwanangu. Sipandi.”

Wandera akamwambia asiwe na wasiwasi, daktari ni mtu wa kwao.

“Hiyo ulimwambia mzee wa reli. Daktari akawa Mkamba.”

Akamwambia wanakwenda kupima presha tu, watarudi kabla ya chai.

“Hiyo ulimwambia mama mkwe wa katibu wa kanisa. Alikaa mwezi.”

Mganga hajigangi. Hila zote alizokuwa nazo, mama yake alizijua, kwani alikuwa amemsimulia mwenyewe. Dereva aliyewashawishi wakaidi wa Eastlands nzima akapiga magoti kando ya kitanda akalia.

“Nilimwona mama anakufa mbele yangu,” asema, na hapa sauti yake inashuka. “Gari liko mlangoni, mafuta yamejaa, na dereva ni mimi.”

Mlango ukagongwa. Akaingia jirani yao, Mbeti, mwanamke mwema asiyejua kusema uongo, na kichwani amebeba benchi.

Mama Nerima akalitazama benchi. “Hilo ni la nini, Mbeti?”

“La wageni, Mama.”

“Wageni wa nani?”

Mbeti akainama, akaanza kuchunguza sakafu.

Hasira ikafanya kile ambacho machozi ya mwana yalishindwa kufanya. Mama Nerima akainuka kwa kushikilia ukuta. Akaagiza gauni lake la kanisani, kitambaa cha kichwa, na kuku aliyekuja naye kutoka Busia. Kwao, anayekwenda kutembea hubeba kuku. Mgonjwa habebi kuku, na maiti ndiyo kabisa. Kisha akatoa masharti: yeye ataketi mbele, kwa kuwa anakwenda kusalimia watu.

“Na kitandani huko nyuma atalala Mbeti. Si yeye ndiye aliyeleta benchi?”

“Lakini Mama, mimi siumwi!”

“Hata mimi siumwi. Lala.”

Mbeti akalala. Makongeni nzima ikalipuka kwa vilio. Mume wa Mbeti, aliyekuwa akinyoa ndevu dirishani, alilifukuza gari hadi barabara kuu, shavu moja safi na lingine limejaa povu.

Hospitalini, wahudumu walimshusha Mbeti wakamvika barakoa ya hewa kabla hajajieleza. Muuguzi Nthenya ndiye aliyemwona bibi wa kiti cha mbele, midomo myeusi, amekumbatia kuku, akisema kwa tabu kwamba amepita kusalimia tu.

“Karibu sana, Mama,” Nthenya akasema bila kucheka. Akampokea kuku kwa mikono miwili, kama zawadi inavyopokewa. “Wageni wetu huwa tunawakalisha ndani.”

Daktari alisema baadaye kwamba moyo ulikuwa umelemewa, na kwamba angechelewa hadi jioni, benchi lile lingepata kazi.

Mama Nerima alipopewa ruhusa ya kutoka, alifunga mzigo wake akauliza basi la Makongeni linasimama wapi. Swali hilo, asema Wandera, lilimfungua macho.

“Sisi huwachukua watu mchana, mtaa mzima ukitazama. Wakipona, wanarudi na basi, kimyakimya. Sasa majirani wana kosa gani? Gari hili hawajawahi kuliona likirudisha mtu.”

Basi halikupandwa. Wandera alimrudisha mama yake kwa ambulensi saa sita mchana, polepole, akazunguka mtaa wote. Mama Nerima akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Watoto wakakimbia kumgusa, wahakikishe.

Tangu hapo Wandera ameiomba zahanati imruhusu kuwarudisha nyumbani wote wanaopona. Wakubwa wake wanasema petroli haitoshi, naye hajachoka kuuliza. Kwa sasa anawabeba wale ambao nyumba zao ziko njiani, na huhakikisha wanashuka mahali penye watu wengi.

“Watu wakiliona gari langu huuliza, ‘Leo limemchukua nani?’” asema. “Kabla sijastaafu, nataka niwasikie wakiuliza, ‘Leo limemrudisha nani?’”