Karafuu za Shamba la Babu

Karafuu zikianikwa nje ya ghala langu hapa Chake Chake, ghala nililolijenga kwa jasho langu bila kurithi hata tofali, harufu yake hunirudisha Bordesley Green, mjini Birmingham, Uingereza, kwenye chumba chetu cha mbele kilichonuka hita ya mafuta ya taa. Humo ndimo watu wetu walimosali Ijumaa, maana hatukuwa na msikiti.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane. Baba alifanya kazi kiwandani, Mama alikuwa bado Pemba, na nauli yake haikutimia. Basi Baba akawauzia wenzake karafuu kabla hazijachumwa: walipe fedha zote sasa, mzigo uje baada ya mavuno. Dini inairuhusu biashara hiyo, huitwa salam.

"Za shamba la marehemu baba yangu!" alijinadi. "Si za kuokotezaokoteza."

"Faki, ukituletea vikonyo badala ya karafuu, tutakutia wewe kwenye pilau!" akadakia mmoja, chumba kizima kikacheka.

Tiketi ya Mama ikakatwa. Nikaanza kulala ukingoni mwa kitanda, nijizoeze kumwachia nafasi.

Kisha Maalim Haji, aliyekuwa akitusalisha, akarudi safari na kusikia habari.

"Hukulitaja shamba, nadhani?"

"Nimelitaja, Maalim. Ndiyo sifa yake."

"Basi umeiharibu, mwanangu. Salam hutajwa aina, uzito na siku, ukaleta kutoka popote. Shamba moja likikosa, utawapa nini hawa? Warejeshee fedha zao."

"Tuifunge upya, basi."

"Kwa fedha gani? Bei hulipwa pale pale mnapopatana, nawe umeshaitumia."

Hakuna aliyeweza kutukopesha. Kila mmoja alikuwa na mkewe wa kumleta. Baba akairudisha tiketi, akawarejeshea wenzake fedha zao. Mama alifariki kabla hatujakata nyingine.

Miaka mingi nilimchukia Maalim. Nikasoma, nikapata diploma ya biashara huko huko Birmingham, Mwafrika peke yangu darasani na wa kwanza kwa alama, nikasema sasa nitaona alipokosea. Nikaipekua kanuni ile kama ninavyopekua mikataba ya wanaotaka kunila. Nikauliza na habari za msimu ule: shamba la babu halikutoa hata pishi moja.

Maalim alisema kweli. Baba alitenda haki. Mtoto aliyelala ukingoni alikuwa na mtu wa kumlaumu. Mimi, na elimu yangu yote, sina.