Bitana ya Tangi

Chumba chetu cha Arusha tulikipata kwa ajili ya suruali. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na siku ile stesheni masta alipochanikiwa na suruali nyuma, treni ya Moshi inaingia na abiria wamejaa dirishani, mume wangu ndiye aliyemsitiri. Kesho yake tukaambiwa tuhamie chumba cha mwisho kwenye laini. Laini ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi wa reli, zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya stesheni, bati juu na sakafu ya saruji. Hatukuandikwa popote. Mume wangu hakuwa mtu wa reli, alikuwa mtu wa kuwashonea watu wa reli kaki zao, basi. Tulikaa kwa neno la mdomo, na neno la mdomo halina komeo.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, hata kuinama kuwasha moto ilikuwa safari. Masika yalikuwa yanakaribia. Kwetu ni Kondoa, kwao mume wangu ni pwani ya Tanga, na pale Arusha hatukuwa na shangazi wala binamu wa kutupokea na vyungu vyetu. Kwa hiyo mtu akikitaja chumba chetu, masikio yalinisimama. Mambo mengine nasamehe, lakini chumba, hapana.

Sasa, kwenye reli ya pembeni, karibu na mfereji uletao maji ya Meru, lilikuwa likisimama behewa la tangi. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea maji vibarua wa reli waliokuwa huko mbugani, upande wa kwendea Moshi, mahali ambapo hata mbuni hupita mbio. Ndani tangi lilipakwa dawa nyeusi ya kuzuia kutu. Dawa ile ikazeeka, ikaanza kubambuka. Maji yakawa mekundu, na juu yake vinaelea vipande vyeusi. Vibarua wakaleta habari kwamba siku hizi chai yao inakuja na nyama.

Ni kazi ya nani kulitengeneza? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Stesheni masta alisema tangi ni la karakana ya Tanga. Karakana ikajibu kwamba tangi ni lao kweli, lakini maji ni ya stesheni, na palipoharibika ni upande wa maji. Mnyapara wa vibarua akaruka kimanga, akasema yeye na watu wake kazi yao ni kunywa tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na tangi lile lilikuwa la mwenzio kwa kila mtu.

Mama mmoja wa Kiarusha aliyekuwa akituletea maziwa aliniuliza mbona wanaume hawa wanabishana kila anapopita. Nikamweleza. Akacheka mpaka akatua kibuyu chini.

"Yeyo," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mama kwa Kimaasai, "kwetu kibuyu kikinuka hatuiti kikao. Anayekamua ndiye anayekisafisha kwa kijinga cha moto."

Nikamwambia reli si kibuyu. Akasema ni kweli, kibuyu kina mwenyewe.

Ndipo ikaja simu ya maandishi kutoka Tanga. Mkaguzi, Mzungu, anakuja wiki ijayo, na akute lainingi ya tangi iko sawasawa, la sivyo stesheni itajibu. Aliyeipokea alikuwa karani, kijana msomi wa misheni, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Akaisoma, akaja kututangazia barazani kwamba laini ya tangi itengenezwe upesi. Laini iliyokuwa karibu na tangi ilikuwa moja tu, nayo ni yetu. Tukashika kazi. Chokaa ikaletwa, kuku wakafukuzwa, vitanda vikatolewa nje, kunguni wakaona cha mtema kuni. Mimi nilipaka chokaa ukuta wa chumba chetu kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika kiuno, na tumbo ndilo lililotangulia kufika ukutani. Mpaka jioni laini yote inang'aa, na mimi tumbo jeupe.

Stesheni masta akatoka ofisini, akasimama. Akauliza ni harusi ya nani.

Karani akamweleza. Stesheni masta akaichukua ile karatasi akaisoma mwenyewe, kisha akafumba macho kidogo. "Lainingi," akasema polepole. "Si laini. Lainingi."

"Sasa lainingi ni nini kwa Kiswahili?" mnyapara akauliza.

Karani akatazama juu, akatazama chini. Halafu akafungua koti lake, akaligeuza upande wa ndani, kitambaa cha kuteleza kikaonekana. "Hii hapa," akasema. "Bitana."

Na hakukosea. Bitana ni bitana, muulize fundi yeyote. Shida ni kwamba lile koti alilishona mume wangu, na bitana ile aliitia yeye, na kila mtu pale alijua. Wakageuka wote kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, uzi mdomoni, hana habari.

Mpaka leo sijui kama stesheni masta hakujua maana yake au alijua kupita kiasi. Mtu aliyekulia kwenye reli hajui kwamba tangi halivai nguo, hupakwa dawa? Lakini niliuona uso wake ukilegea, kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Akamwendea mume wangu, akaanza kumvisha kilemba cha ukoka. Oh, fundi, Arusha nzima hakuna mkono kama wako. Oh, fundi, kazi hii akiiona Mkaguzi atakupeleka mbali. Kisha akamaliza kwa sauti nyingine.

"Bitana isipokuwamo ndani ya tangi siku ya Mkaguzi, fundi, chumba kile nitakihitaji."

Mimi nikasema palepale kwamba huo ni wazimu. Mume wangu akanitazama, akatazama tumbo langu, akatazama wingu lililokuwa limeufunika Meru tangu asubuhi. "Mke wangu," akasema, "nguo ni nguo." Akachukua utepe wake wa kupimia, akaenda.

Nilimfuata, kwa hasira. Alipanda juu ya tangi akaingia kwa mdomo wa tangi, na sauti yake ikawa inatoka ndani nzito, kama ya mtu mwingine mwenye cheo. Akanitajia vipimo nivishike kichwani. Kifua. Kiuno. Urefu wa mgongo. Halafu akasema, "Halina mabega." Nikamjibu kwamba asilikatie mikono basi. Akasema, "Asante," bila kucheka, kwa sababu mume wangu kwenye kazi hakuwa na mzaha. Alitoka mwekundu wa kutu, nywele mpaka kucha, na wanawake wa laini wakaniuliza nimeolewa tena lini.

Wangekuwa ni wengine wangetupia humo kitambaa chochote, ibaki ya Mungu. Yeye hapana. Alisema bitana haitiwi kwenye koti chafu. Akaingia na mchanga na gunia, akalisugua tangi siku baada ya siku, akatoka anakohoa vumbi jekundu. Kisha akachukua maturubai makuukuu ya kufunikia mizigo, akayafua, akayakata, akayashona. Wanawake wa Kimeru walikuwa wakileta nta sokoni, akaniagiza ninunue. Nikaiyeyusha kwenye sufuria yangu ya wali, Mungu anisamehe, naye akaipaka kwenye turubai isipitishe maji. Uwanja mzima wa laini ulijaa lile vazi. Kuku walipita juu yake, watoto walilala ndani yake, na mnyapara alipopita aliuliza kama tunamshonea tembo kanzu. Mume wangu akamwambia asogee, anakanyaga pindo.

Kwa ajili ya bomba la chini la kutolea maji aliacha tundu, na tundu hilo alilizungushia uzi kwa mkono, kama la kifungo. Usiku alinionyesha kwa taa, ana furaha. Nilimwambia ni zuri. Kweli lilikuwa zuri. Na mimi nilikuwa nataka kulia, maana niliona tumekalia kuti kavu, yeye anapamba kuti.

Siku ya Mkaguzi tangi lilijazwa maji tangu alfajiri. Akashuka kwenye treni, mrefu, soksi mpaka magotini, anasema Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Akasalimia, akasifu chokaa ya laini. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akaomba kikombe, akafungua bomba.

Maji yakatoka. Safi, naapa, safi kama ya chemchemi. Stesheni masta akavuta pumzi. Halafu maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakawa tone. Na pale mdomoni pa bomba kikachungulia kitu, kidogo, cha rangi ya udongo.

Mkaguzi akainama, akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Kikaja. Akavuta tena, kikaja kingine. Turubai ilikuwa imehama na mkondo, na sasa pindo la mume wangu lilikuwa linatoka bombani polepole, mishono midogo midogo imepangana. Mzungu akaacha kuvuta, akausogeza ule mshono karibu na macho. Nasema haki, aliuangalia kwa heshima. Kisha akapanda juu akachungulia ndani, akakaa kichwa ndani muda mrefu mpaka tukadhani amezimia.

Alipotoka aliuliza, "Ni nani mwenye kuwajibika kwa bitana hii?"

Vidole vikanyooka. Stesheni masta, karani, mnyapara, hata mpiga bendera ambaye hakuulizwa. Watu ambao tangu mwaka uliopita hawakujua tangi ni la nani, asubuhi ile walijua wote kwa pamoja. Mume wangu akavua kofia.

"Mimi, Bwana," akasema.

Neno hilo halikuwahi kusemwa karibu na tangi lile. Nilijisikia fahari, na papo hapo nilitaka kumfinya.

Mkaguzi akakaa juu ya kreti, akatoa kitabu cha kanuni za reli, akatusomea kwa Kiswahili chake. Anayeitia bitana ya tangi ndiye mwenye kuitunza. Akafungua kurasa nyingine. Asiye mtumishi wa reli haruhusiwi kuingia ndani ya behewa, na akiingia, atashitakiwa yeye na aliyempa ruhusa. Akafunga kitabu, akamgeukia stesheni masta.

"Mtu huyu ni mtumishi wa reli?"

Stesheni masta akafungua mdomo. Nilimwona anapima. Akisema ndiyo, amejitwika mtu. Akisema siyo, mume wangu anakwenda mahakamani na mimi nakwenda na vyungu vyangu barabarani, mvua hiyo inakuja. Nikaona midomo yake inajipanga kusema siyo, akidhani ataikana ile ruhusa aliyompa mume wangu, maana nayo ilikuwa ya mdomo tu.

Sikungoja. Nikapita katikati ya wanaume, tumbo mbele, wakapisha.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "muulize kwanza sisi tunakaa wapi."

Mkaguzi akanitazama. "Mnakaa wapi, mama?"

"Laini. Chumba cha mwisho, kile chenye chokaa nzuri kuliko vyote. Aliyetupa ni yeye mwenyewe. Kama mume wangu si mtu wa reli, basi nyumba ya reli ametupa kwa ruhusa ya nani?"

Karani akawa anasoma vifungo vya koti lake. Stesheni masta alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kuwasha kuni mbichi, nami nikamrudishia la kwangu, na la kwangu lilikuwa na watu wawili ndani yake.

"Ni mtumishi wetu," akasema mwishowe. "Fundi wa bitana."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Bwana."

Mkaguzi akasema vema. Kama fundi wa bitana yupo, basi aitoe nguo hiyo, alisugue tangi, alipake lami mara mbili, na tangu hapo kila masika na kila vuli alipake tena, na likibambuka yeye Mkaguzi atajua ni nani wa kuulizwa. Nadhani tangu reli ifike Arusha hakujawahi kuwa na cheo hicho, na baada yake sidhani kama kiliendelea. Karakana ya Tanga iliposikia kwamba Arusha ina fundi wa bitana, ikaanza kutuletea matangi yake mengine.

Lami haitoki. Tulijaribu mafuta ya taa, majivu, ndimu. Iliingia kwenye kucha zake na kwenye mistari ya viganja ikakaa humo, na mwenye kitambaa cheupe akimwona anakikunja anaondoka nacho kwa adabu. Ijumaa moja alikuja mtu kuulizia kanzu yake, na kanzu imebaki upindo. Mume wangu alisimama mbali nayo, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Ilinichoma moyo, sikuficha. Nikakaa mimi kwenye cherehani. Mshono wangu wa kwanza ulikwenda kama njia ya mbuzi, naye akanielekeza kwa kidevu, fumua, rudia, fumua. Mwenye kanzu akangoja. Tangu siku hiyo mwenye cherehani pale barazani nikawa mimi, na waliokuja kucheka walirudi na suruali zao.

Masika yalishuka wiki ileile ya kanzu, usiku na mchana. Mtoto alizaliwa mle chumbani, mvua inapiga bati hatusikilizani, mkunga ananipigia kelele nami nampigia kelele, na hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni kutuuliza tunakaa pale kwa ruhusa ya nani.