Dokta wa Maji ya Mifuko

Onoriode alikuwa na koti jeupe, na koti hilo ndilo lililomponza. Siku ya kwanza kazini alipiga picha nalo, akamtumia mama yake, na kabla ya jua kuzama kijiji chao kizima, kule nje ya Ughelli, kilishajua kwamba mtoto wa Mzee Umukoro ni dokta wa hospitali kubwa mjini Warri. Nani amnyang'anye mama raha yake? Akanyamaza. Akanyamaza miaka mitatu, jamani!

Hospitali yenyewe ilikuwa kiwanda cha maji ya mifuko, chumba kimoja na mashine mbili. Asubuhi alipima maji kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, akatia sahihi kitabuni, kisha akabeba mizigo kama wenzake. Kina mama wafungaji wa mifuko walimpenda, lakini hawakumwacha apumue. "Dokta, kimbia, mgonjwa wako anavuja!" walimpigia kelele mfuko ukipasuka, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Aliomba udaktari, kama kila mtoto mwenye akili kwao. Zikapungua alama tatu tu, chuo kikampa biokemia. Ndivyo wafanyavyo: ukianguka kwenye udaktari, biokemia inakudaka. Wajuaji wa kijijini wakamwambia baba yake kwamba huo ni mlango wa nyuma wa udaktari, na mzee wa watu akaamini. Miaka minne ikawa sita kwa migomo ya wahadhiri. Ukaja mwaka wa kulitumikia taifa, ukaja mwingine wa kuzunguka na bahasha. Baada ya yote hayo, naira elfu sitini kwa mwezi.

Sasa Jumanne moja mdogo wake, Edirin, akampigia simu huku akipiga vigelegele.

"Kaka! Wamenipa biokemia kama wewe! Baba anauza shamba la mihogo anilipie ada. Bwana Oharisi analeta hela Jumamosi, milioni mbili na laki nne. Uje uwe shahidi, si wewe ndiye mfano wetu?"

Akakalia ndoo. Shamba lile ndilo lililowalisha. Mihogo yake ndiyo mama aliyoikuna, akaikaanga ikawa garri, ule unga wa chengachenga, akaiuza sokoni. Akachukua kipande cha nailoni ya mifuko, akapiga hesabu kwa kalamu ya wino mzito. Mshahara kama wake, mtu asile, asipange chumba, asiumwe, ungelirudisha shamba kwa miezi arobaini. Akirudisha nusu tu, miaka sita na zaidi. Na kabla ya hapo miaka ya chuo, na migomo yake. Alirudia hesabu akiomba awe amekosea. Hakukosea.

Si kwamba aliichukia biokemia. Aliipenda, hata sasa aliwaeleza kina mama wa kiwandani jinsi mwili unavyochoma wanga, nao wakamsikiliza mdomo wazi. Wapo pia walionufaika nayo. Mwenzake mmoja wa darasani alipata maabara ya kampuni ya mafuta, lakini huyo alikuwa na mjomba wake humo ndani. Edirin hakuwa na mjomba wa mafuta.

Ijumaa aliogopa uso wa baba yake, akaogopa kicheko cha kijiji, akafikiria kusingizia malaria. Mara tatu aliandika ujumbe wa uongo, mara tatu akaufuta. Jumamosi akaenda.

Alimkuta Bwana Oharisi barazani na karatasi, kidau cha wino na mfuko wa hela. Edirin alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Huyo dokta kaja!" mzee akasema, meno yote nje. "Njoo mwanangu, utie sahihi."

Onoriode akapiga magoti. "Migwo, Baba."

Kwao ukisalimu hivyo huinuki mpaka mzee aitikie "Vrendo", inuka. Mzee akafumbua kinywa aitikie, Onoriode akamuwahi.

"Usiniinue bado, Baba. Nikiinuka nitanyamaza tena. Mimi si dokta. Sijawahi kuwa. Napima maji ya mifuko."

"Haya yanayouzwa barabarani?" Bwana Oharisi akauliza, akaangua kicheko.

"Hayo hayo."

Edirin akaruka. "Muongo! Unanionea wivu, kaka! Wewe umesoma, mimi nisisome?"

"Soma, mdogo wangu. Lakini si kwa shamba. Shamba likienda, biokemia hairudishi."

Mzee hakumtazama binti yake. "Wanakulipa ngapi?"

"Elfu sitini."

"Sema kwa sauti."

"Elfu sitini, Baba. Kwa mwezi."

Mzee akausukuma wino. "Bwana Oharisi, chukua hela zako. Shamba haliuzwi."

Bwana Oharisi akasonya, akakusanya vyake, akaenda zake. Edirin akaangua kilio. "Basi nisome nini mimi?"

Onoriode akainamisha kichwa, akangoja. Alingoja matusi, alingoja laana. Kuinua macho, akamwona baba yake anahesabu kwa vidole.

"Kila mwezi unatutumia elfu thelathini na tano," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kodi ya chumba?"

"Kumi na tano."

Mzee akavitazama vidole vilivyobaki.

"Sasa wewe, mwanangu, miaka yote hii mitatu ulikuwa unakula nini?"

Onoriode akalia tu pale chini, na mzee akasahau kumwinua.