Mshale Uliolala Kwenye Kijani

Watu wakisikia nilifanya kazi kiwanda cha sabuni Changamwe, hudhani nilikuwa nikirudi nyumbani nanukia. Kunukia! Sabuni kabla haijawa sabuni ni shahamu ya ng'ombe inayochemshwa kutwa, na uvundo wake ulinikaa puani, kwenye nywele, hata kwenye chai. Mke wangu alinipokea uani na ndoo ya maji kabla ya salamu. Lakini si uvundo huo unaonitia kinyaa mpaka leo.

Nilikuwa fundi stima, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mashine niliyoiogopa ilikuwa moja tu: pampu ya soda kali, ile soda inayogeuza shahamu kuwa sabuni, na nyama ya binadamu haiibagui. Kwa hiyo pampu ilizibwa pande zote, mota ndani kwa ndani. Huwezi kuona beringi zinavyolika, wala kuzisikia. Ila ndani mlipitishwa nyaya nyembamba, na beringi zikilika, umeme wa nyaya hizo hubadilika na kusukuma mshale wa mita ndogo iliyokuwa nje. Kijani, salama. Manjano, jitayarishe. Nyekundu, zima upesi, la sivyo ganda la ndani litatoboka na soda itajitafutia njia.

Aliyekaa na pampu hiyo alikuwa mzee wa Jomvu Kuu, jirani yetu. Kusoma hakujua, lakini rangi za mita alizijua. Kila saa aliinama, akagonga kioo kwa ukucha, akaniita.

"Mshale ungali kwenye manjano, mwanangu. Mtaitibu lini?"

"Beringi ziko njiani, mzee."

Basi akachukua kigoda chake akakaa mlangoni, mbali nayo.

Asubuhi moja mshale ukagusa nyekundu. Nikaenda kwa forman, msimamizi wetu, kumwambia tuizime pampu. Nilimkuta anakula embe, utomvu unamchuruzika mpaka kiwikoni, nyuzi anazitema sakafuni.

"Kesho wanakuja wageni wa makao makuu," akasema. "Wakute kiwanda kimelala? Chomoa waya wa mita."

Mita isiyopata umeme mshale wake hurudi kwenye sufuri, na sufuri imo ndani ya kijani. Hilo tulilijua mimi na yeye tu.

"Siku moja tu," akasema. "Ukiona vigumu, vijana wenye vyeti wamejaa pale getini."

Nikauchomoa. Tfuu! Sikuwekewa panga shingoni. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, nikaizungusha mara tatu, kwisha.

Wageni wakaja wameziba pua kwa leso, wakautazama mshale, wakaridhika, wakaondoka. Siku moja ikawa wiki, wiki ikawa tatu. Nikimkumbusha forman ananiuliza, "Kwani imekuuma?" Nami nageuka naenda zangu. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, wasemavyo wakubwa. Lakini pale hakuna aliyeerevushwa. Nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Na mzee? Mzee alifurahi.

"Mashallah! Fundi ni wewe! Mshale umetulia kama mwali, hata kutetema hautetemi."

Siku ya pili akaniletea mahamri aliyopika mkewe, yangali na moto. Nikayala yote mbele yake, nikalamba na vidole. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu. Kisha nikamwona anabeba kigoda chake kutoka mlangoni, anakiweka kando ya pampu, penye upepo wa dirisha. Nikajifuta vidole surualini, nikaenda zangu.

Ganda lilitoboka asubuhi, baada ya chai. Nilimsikia mzee kabla sijamwona. Tulimmwagia maji ndoo kwa ndoo, naye anajikuna uso na ngozi inamfuata vidoleni. Jicho la kushoto lilikwenda palepale. La kulia daktari alisema tumwombe Mungu.

Nilikwenda hospitali pamoja na forman. Yeye alibeba machungwa na karatasi ya kuandikia.

"Mzee, mshale ulikuwa wapi?"

"Kwenye kijani. Wallahi, nimeuangalia kwa macho yangu haya."

Forman akaandika, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Ningeweza kumnyang'anya. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akaijua sauti yangu. Akapapasa shuka, akaupata mkono wangu.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Uliniachia pampu nzima, nami sijui nimegusa wapi nikaiharibu. Wasije wakakufukuza kwa ajili yangu."

Forman akanikanyaga mguu. Hakuwa na haja.

"Nimekusamehe, mzee," nikamwambia.