Amina ya Kwenye Simu

Kanisani walimwita Mzee Amina, na jina hilo lilimfurahisha kuliko alivyokubali. Mhubiri akivuta pumzi tu, yeye huyo: "Amina!" Sauti nene, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Wageni walidhani ana upako. Ukweli ni kwamba mzee wa watu hasikii. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha kupasua mbao, mbele ya msumeno mkubwa, na msumeno ule ukayala masikio yake taratibu, bila hata kumuaga.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Kiwandani, fundi aliyegundulika kuwa kiziwi alionyeshwa lango siku hiyo hiyo, kwa hiyo wawili hao wakaifanya siri, na siri ikawazoea hata baada ya kustaafu. Ibadani mama alikaa ubavuni mwake, na sala ikifika mwisho alimgusa goti. Mtoto wao wa pekee, dereva wa basi huko ng'ambo, alipopiga simu Jumapili mchana, mama ndiye aliyeongea, kisha akamgeukia mumewe na kumpa habari zote uso kwa uso, neno kwa neno.

Mama alipofariki, simu ikabaki mikononi mwa mzee. Angefanya nini? Aliibandika sikioni, akasikia mvumo kama wa mbu aliyenaswa kwenye chupa, akangoja ukatike, akajibu, "Amina, mwanangu. Mungu ni mwema." Mvumo ukianza tena, anangoja tena. "Amina." Hivyo ndivyo baba na mwana walivyozungumza kila Jumapili, na kila mmoja aliweka simu chini akijiona ametimiza wajibu.

Lakini moyoni mzee alikuwa na donge. Mwanawe hakuja kumzika mama yake. Watu walimwambia ni mambo ya vibali, kwamba angetoka huko asingeruhusiwa kurudi. Sawa, hayo yana serikali zake. Ila neno moja la "nisamehe, Baba" halihitaji kibali cha mtu. Alilingoja, na kila alipokaa peke yake mezani alilingoja zaidi, na ndani ya kungoja huko alianza kumchukia kidogo mtoto wake. Tusimpake mafuta: alimchukia.

Mwana hakuwa mtu wa kuandika. Mkwe ndiye aliyetuma ujumbe: "Baba, vibali vimepatikana, tunakuja likizo ya kiangazi, sote wanne. Watoto wapaone nyumbani." Mzee aliusoma mpaka simu ikaishiwa chaji. Akaingia karakanani nyuma ya nyumba, akaunda vitanda viwili vya wajukuu, akavipiga msasa hadi mikono ikamuuma. Alijiambia kwamba wanaletwa na mambo mawili. Wajukuu wanakuja kujua kwao. Na mwanawe, hatimaye, anakuja kusema lile neno.

Walifika na masanduku makubwa, mepesi ajabu. Mzee alilinyanyua moja kwa mkono mmoja, akajisifu kimoyomoyo kwamba bado anazo nguvu. Wajukuu walimwamkia kwa haya, wakaenda kukaa kwenye vitanda vyao vipya wakijipepea na vitabu. Mwana alimkumbatia baba yake muda mrefu, akisema mengi begani kwake. Mzee akampigapiga mgongoni. "Amina, amina."

Siku chache baadaye akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mzee akamkaribisha chai. Bwana yule akanywa, akainuka, akagonga miimo ya milango, akachungulia darini, akaongea na mwana kando ya dirisha. Alipoondoka alimpa mzee mkono kwa heshima nyingi mno.

Mwana hakugundua kitu. Alikuwa msemaji sana na msikilizaji haba, na baba aliyenyamaza akimtazama usoni alimwona ni baba aliyetulia. Mke wake ndiye hakudanganyika. Huko ng'ambo alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee. Siku moja jikoni alisimama nyuma ya baba mkwe wake, akamwita. Akamwita tena. Kisha akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Chumba cha pili watoto walipiga yowe. Mzee aliendelea kumenya viazi, hana hili wala lile.

Mkwe akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Baba, husikii."

"Nasikia sana tu."

"Nimeangusha mfuniko nyuma yako."

Mzee akautazama mfuniko sakafuni, akaweka kisu chini. "Usimwambie mumeo."

"Baba, unajua yule bwana wa duka alikuja kufanya nini?"

"Kunimalizia sukari."

Mkwe hakucheka. Alimshika magoti yote mawili ili amwangalie. "Anainunua nyumba. Wiki ijayo mnasaini, tunakutolea pasipoti na kibali, halafu tunaondoka na wewe, ukaishi kwetu. Mume wangu alikuuliza kwa simu, ukasema Amina. Akakuuliza tena Jumapili iliyofuata, apate hakika. Ukasema Amina, Mungu ni mwema."

Mzee aliinuka, viazi vikabingirika. Nyumba hii! Kila ubao wake aliupasua mwenyewe, akaubeba begani jioni baada ya kazi. Humu mkewe alikata roho. Auze aende wapi, akakae kwenye ghorofa la watu, akichungulia theluji?

"Leo hii namwambia," alifoka. "Uziwi wangu na ujulikane, liwalo na liwe!"

"Mwambie, Baba. Mimi nitasimama nawe."

Alimkuta mwanawe nyuma ya kanisa, amepiga magoti kaburini kwa mama yake, aking'oa magugu. Mzee alikuja na maneno yake tayari mdomoni. Lakini mwana alipomwona aliinuka, akajifuta udongo, akamshika mikono na kumkazia macho. Uso kwa uso namna hiyo, mahali penye utulivu, mzee aliweza kuambulia maneno.

"Baba, kuna jambo sijawahi kukushukuru. Ile Jumapili niliyokupigia nikilia. Nilipokuomba msamaha kwa kutokuja kumzika Mama."

Mzee hakupepesa macho.

"Nilikuwa silali, Baba. Nilikuwa naendesha basi sijui naelekea wapi. Nilidhani utanilaani. Ukasema, 'Amina, mwanangu. Mungu ni mwema.' Niliweka kichwa kwenye usukani nikalia mpaka abiria wakauliza kama naumwa."

Neno lenyewe lilikwisha kuja. Lilikuja likapiga hodi kwenye sikio lake, akalifukuza bila kulijua. Mzee alijaribu kukumbuka ni Jumapili ipi, asikumbuke. Labda siku hiyo alikuwa anaangalia maziwa yasimwagike jikoni. Na je, angelisikia, angesamehe? Hakuwa na hakika. Kwa hasira alizokuwa nazo siku zile, pengine angemkatia simu.

"Hata hivyo sikuamini," mwana aliendelea. "Nikasema huyu ni mzee wa kanisa, anasema tu. Ndiyo nikakuomba uje tuishi pamoja. Nikajiambia, kama ana kinyongo na mimi hatakubali kulala chini ya paa langu. Ukakubali. Hapo ndipo usingizi uliponirudia." Akaikaza mikono ya baba yake. "Ulinisamehe kweli, Baba?"

Maneno aliyokuja nayo mzee yalikuwa bado pale pale, mdomoni. Akayameza, na yalishuka kwa shida.

"Nilisemaje?"

"Ulisema Amina."

"Basi ndivyo."

Mkwe alikuwa akiwangoja langoni. Mwana akatangulia. Mzee alimtikisia mkwe kichwa.

"Baba, niache nimwambie mimi," alisema mkwe.

"Ukimwambia ya nyumba, umemwambia na ya simu. Utamrudisha kule kusikolalika."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazoea kukosa vitu."

Asubuhi ya kuondoka masanduku hayakuwa mepesi tena. Vitanda vya wajukuu vilibaki, mwenye duka alisema vitamfaa kuwekea rangi. Sebuleni, pale palipokuwa na meza, mwana aliwaita wote wasali. Mzee kwa kawaida alisali macho wazi, akifuata midomo ya watu. Siku hiyo aliyafumba, kwa kuwa hakutaka yatazamwe, na hivyo hakujua sala imefika wapi. Alisimama gizani mwake mpaka mkono wa mkwe ukamgusa kiwiko.

"Amina!" Sauti ilijaa chumba kitupu, wajukuu wakashtuka.

Nje, mwana aliinama kwenye kufuli, amewapa mgongo. Aliongea kwa kirefu akiwa ameinama hivyo, mabega yakimtetema. Mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee aliona kisogo tu, kisogo cha marehemu mkewe kabisa, na wala hakuzunguka mbele kutafuta midomo. Alingoja mabega yatulie.

"Amina, mwanangu. Mungu ni mwema."

Mwana akageuka akitabasamu na machozi, akamshika mkono kumpeleka garini. Mzee hakuuliza amekubali nini.